Kitambaa cha Mama Kasoro

Wakili alipoingia, Mama Pasi hakuinua macho. Pasi ilikuwa kwenye kola, na pasi ikiwa kwenye kola hata mfalme angengoja.

"Karibu. Za kufua au za kunyoosha?"

"Za mumeo," alisema Wakili.

Pasi ikainuka. Mama Pasi aliisimamisha wima, akachomoa waya ukutani, akapangusa mikono kwenye aproni ingawa mikono ilikuwa mikavu. Nyuma yake mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja mashuka ya nyumba ya wageni, alibaki na shuka moja mikononi, nusu limekunjwa, nusu linaburuta sakafuni.

"Rufaa imekubaliwa. Hukumu imefutwa. Kesi inaanza upya, mbele ya jaji mwingine."

"Hawamnyongi?" aliuliza mama mkwe.

"Kwa sasa, hapana."

"Kwa sasa!" Bibi yule aliyatamka maneno hayo kama anayeonja mchuzi akakuta chumvi haimo. "Nyie watu wa sheria nyie. Mtu akiniambia kwa sasa hanipigi, mimi naangalia fimbo iko wapi."

"Mama, mwache kwanza akae."

Kiti kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na rundo la suruali. Wakili alizihamisha mwenyewe, akaketi, akaweka mkoba magotini. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi kama wao, mwenye mkoba mkubwa kiasi kwamba mtu aliyekaa mbele yake aliona kichwa na mkoba tu. Aliwasomea uamuzi wa majaji wa rufaa bila kuupamba. Majaji walikuta kwamba wakili wa kwanza, aliyepangwa na serikali, alionana na mshtakiwa mara moja tu, kwenye korido, asubuhi ya kesi. Hakuita shahidi hata mmoja. Askari aliposema shati la mshtakiwa lilikuwa na damu iliyofuliwa, hakuuliza nani aliipima hiyo damu. Na mwisho, alipopewa nafasi ya kumwombea mteja wake asinyongwe, alisimama akamwambia jaji kwamba watu wa rangi ya mteja wake wana hasira za karibu, na kwamba mahakama iwahurumie kwa maumbile yao.

"Hayo ndiyo yalikuwa maombezi," Wakili alisema. "Utetezi wote umo kwenye nusu ukurasa. Sasa mimi nataka kuuliza lile ambalo yeye hakuuliza. Doa lile kwenye shati lilitoka wapi?"

"Kwenye kitambaa cha meza. Nilimwambia yule wakili. Akanijibu, 'Mama, unataka nikamhadithie jaji habari za vitambaa?' Nikamwambia mwenye kitambaa yupo, aitwe. Akasema yule ni mama wa kizungu mwenye heshima zake, hatuwezi kumsumbua."

"Ni nani huyo?"

"Mama Kasoro," alidakia mama mkwe, na pamoja na mambo yote akacheka. "Jina tumempa sisi. Hajawahi kuchukua nguo hapa bila kuitoa kasoro. Siku moja alirudisha leso."

Mambo yalikuwa hivi. Jioni ile fundi bomba, mume wa Mama Pasi, alirudi kazini shati lake jeupe limejaa tope. Katika nyumba hii nguo ikivuliwa haingoji kesho. Ndiyo kanuni ya biashara na ndiyo ugonjwa wa mwenye nyumba. Shati liliingia kwenye beseni papo hapo, na pamoja nalo kikaingia kitambaa cha meza cha rangi ya damu ya mzee, kilicholetwa mchana. Kikachuja. Usiku habari zikaenea kwamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameuawa wakati akifunga duka, na mtu mweusi mwenye shati jeupe ameonekana akiondoka. Kesho yake adhuhuri polisi walilikuta shati la fundi kwenye kamba, na upande wa kifua lina wekundu uliofifia. Mchana wa siku ya tukio alikuwa amenunua viungio vya bomba pale dukani. Walipomaliza kujumlisha, walimtia pingu.

"Shati bado lipo mahakamani, ni kielelezo," alisema Wakili. "Nimemwomba mkemia alitazame. Anasema yaweza kuwa rangi, yaweza kuwa damu. Akipata kitambaa chenyewe cha kulinganisha, atasema zaidi. Kwa hiyo tunamtaka Mama Kasoro na kitambaa chake. Naweza kumwita kwa amri ya mahakama, lakini shahidi aliyeburutwa husahau mambo. Afadhali uende wewe."

Mama Pasi alianza kukunja suruali ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Kuna jambo moja," alisema.

"Sema."

"Alikileta kwa kupiga pasi tu. Alikataza kisifuliwe. Lakini kilikuwa na doa la mchuzi, na mimi siwezi kupiga pasi juu ya doa. Asubuhi, polisi hawajafika, alikuja kukichukua, akakikuta kimepauka. Akapiga kelele mpaka barabarani wakasimama. Nikamwambia sikukifua. Nikamwambia labda ni jua la kwake. Nikamwapia."

"Ulimwapia?"

"Kwa uhai wa mama mkwe."

Mama mkwe aliketi juu ya mashuka. "Hee! Kumbe ndiyo maana magoti hayaponi!"

Wakili hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa nyuma ya mkoba wake, anafikiri. "Yaani mwenye kitambaa anaamini hakikuwahi kuingia majini," alisema polepole. "Hata angesoma habari za shati kila siku, asingeyaunganisha."

"Ndiyo."

"Basi kamwambie."

*

Mtaa wa juu ulikuwa na miti iliyopandwa kwa mstari na mbwa waliojua rangi za watu. Mama Pasi alipita mlango wa nyuma, kama alivyozoea. Kwa miaka yote ya kesi, wateja kadhaa wa mtaa huu walikuwa wameacha kumletea nguo, kimyakimya. Mama Kasoro hakuacha. Alisema madobi wengine ni wabaya zaidi. Hakuwahi pia kumuuliza habari za mumewe, wala kumpa pole.

"Leo si siku ya nguo," alisema Mama Kasoro mlangoni. Alikuwa mwembamba, mweupe wa kuonyesha mishipa, na miwani imefungwa uzi shingoni.

"Nimekuja kwa ajili ya kile kitambaa cha meza, mama. Kile cha damu ya mzee."

Uso wa mwanamke yule ulichangamka, kama mtu aliyeambiwa mgeni aliyemngoja miaka amefika stesheni. Aliingia ndani bila kumkaribisha. Kabati lilisikika likifunguliwa. Akarudi na mfuko, na ndani ya mfuko kitambaa, kimekunjwa vizuri, rangi imebaki mabaka mabaka.

"Nimekitunza. Kila mgeni nimemwonyesha. Nimewaambia, tazameni pasi ya moto inavyofanya."

"Haikuwa pasi. Nilikifua."

"Rudia."

"Nilikifua, mama. Kilikuwa na doa la mchuzi."

"Doa gani? Kitambaa changu hakikuwa na doa!"

Mama Pasi alijikaza kisabuni. Alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, lakini hakujiandaa kuanza upya ugomvi wa doa. "Pembeni, kama kidole gumba hivi. Nikakiroweka, kikachuja. Na asubuhi nikakuapia uongo."

"Kwa uhai wa mama yako mzazi."

"Wa mama mkwe."

"Hata hivyo!" Mama Kasoro alivaa miwani amtazame vizuri. "Na miaka yote hii unapokea nguo zangu na uso mkavu. Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kuomba. Nilikiroweka pamoja na shati la mume wangu. Jioni ile ile."

Ilichukua muda. Mama Pasi alimwona yule mwanamke akikitazama kitambaa, kisha akimtazama yeye, kisha akikitazama kitambaa tena, na mkono uliokishika ukashuka.

"Shati," alisema Mama Kasoro. "Lile la gazetini."

"Ndilo hilo."

"Nilisoma mimi. Shati la damu. Nilikuwa nakunywa chai hapo hapo, nikasema peke yangu…"

"Ulisema nini, mama?"

"Nilisema, ndivyo walivyo hawa." Aliyasema kwa sauti ile ile ya kutajia kasoro, bila kuomba radhi na bila kujificha. Alipangusa miwani kwa pindo la kitambaa, kisha akagundua anapangusia nini, akaacha. "Nitakuja huko mahakamani. Lakini wewe utatangulia. Utasema mbele ya jaji kwamba nilikataza kisifuliwe, ukakifua, ukakiharibu, ukaniapia uongo. Siendi kuzungumza jambo ambalo mwenyewe umelikana."

"Nitasema."

"Na kwamba hakikuwa na doa."

Mama Pasi aliufikiria uhai wa mumewe, akaufikiria na ukweli. "Hilo siwezi, mama. Doa lilikuwepo."

Wakatazamana. Mbwa wa jirani alibweka mpaka akachoka.

"Basi hilo tuliache," alisema Mama Kasoro, akampa mfuko. "Mwambie huyo mkemia asikikate."

*

Fundi bomba hakuwa tena upande wa waliohukumiwa kufa. Walimhamishia kwa mahabusu wa kawaida, na mkewe alilitambua hilo kabla hajaambiwa, kwa jinsi alivyoketi nyuma ya wavu: mgongo umeegemea.

"Huku hawatupimi," alisema.

Kule alikotoka walikuwa wanapimwa uzito kila mara, maana kamba hukatwa kwa uzito wa mtu. Alikuwa amewahi kumwambia kwamba wenzake wengine walijinyima chakula, wengine walikifakamia, kila mmoja akiamini anaharibu hesabu. Wote waliokuwa kule walikuwa weusi isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameua familia nzima. Wakili alisema mambo kama hayo huwekwa kwenye majedwali na kupelekwa kwa wakubwa, na wakubwa huyasoma. Fundi alisema yeye hakuhitaji jedwali, alikuwa anahesabu vichwa foleni ya mzani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenuna. Amejua nilimwapia Mama Kasoro kwa uhai wake."

"Uliapa nini?"

Ikabidi amsimulie. Hakuwahi kumwambia. Miaka ile yote alikuja wavuni na sabuni na habari za nyumbani, na hili akalimeza: kwamba kama asingelitia lile shati majini na kitambaa kile, na kama asingeapa uongo kuokoa jina la biashara, pengine mume wake angekuwa nyumbani. Alisimulia akitazama meza. Alipofika kwenye jua la kwa Mama Kasoro alisikia sauti, akadhani analia, akainua macho.

Fundi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka askari akageuka.

"Yaani," alisema, akifuta macho kwa kiganja, "mimi nipo humu nawaza wakubwa wamenikusudia, serikali imenikusudia, kumbe ni doa la mchuzi!"

"Usinichekee. Ni mimi niliye…"

"Wewe ulifua nguo. Mke wangu, wewe hata mimi ungeniroweka kama ungenipata nimelala. Aliyenitia humu ni aliyeona wekundu kwenye shati la mweusi akasema damu, akaishia hapo. Sasa niambie, Mama Kasoro alisema nini kuhusu kola?"

"Kola zipi?"

"Za kwake. Lazima alisema kitu."

"Alisema nazikaza mno."

"Haya sasa," alisema fundi kwa furaha, na akaegemea tena.

*

Mahakamani mkemia alikuwa mtu wa maneno machache. Rangi kwenye nyuzi za shati na rangi ya kitambaa ni moja. Damu hakuiona. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama damu ingeweza kuwepo ikafuliwa yote ikatoka, mkemia akajibu kwamba kitu kilichotoka chote hawezi kukitolea ushahidi.

Kisha akaitwa yule aliyemwona mtu akitoka dukani. Wakili alisimama, na mkoba wake ukabaki kitini, ndipo watu wakaona jinsi alivyo mfupi kweli.

"Kwenye gwaride la utambulisho walisimamishwa watu wangapi weusi?"

"Huyo tu. Wengine walikuwa askari wa pale."

"Askari wa pale ni weupe?"

"Ndiyo."

"Ulimtambua kwa nini?"

"Kwa shati jeupe, na…" Shahidi alitafuta msaada kwa mwendesha mashtaka. "Ilikuwa magharibi. Wale wanafanana."

Hakuna aliyecheka. Jaji aliandika, na kalamu yake ilisikika.

Mama Pasi alipopanda kizimbani, kilichomsumbua ni shati. Lilikuwa limelazwa mezani mbele yake na karatasi imebandikwa kwenye mkono, limekunjamana vibaya, mikunjo ya miaka. Alitamani alivute alinyooshe. Alisema yote kama alivyoahidi. Alikatazwa, akafua, akaharibu, akaapa uongo. Karani wa mahakama, ambaye suruali zake zilikuwa kwenye rafu kwa Mama Pasi wakati ule ule, aliinama sana juu ya makaratasi yake.

"Kwa hiyo wewe ni mwongo," alisema mwendesha mashtaka.

"Kwa mteja, mheshimiwa, ndiyo. Mara moja moja. Nguo ikiharibika."

"Na sasa tukuamini? Mumeo anakabiliwa na kitanzi, nawe unakuja na kitambaa."

"Habari za kitambaa nilikuja nazo tangu mwanzo. Wakili wa kwanza alikataa kuzibeba."

"Nimekuuliza kama tukuamini."

Alifikiri. Wakili alikuwa amemwambia ajibu kile tu anachokijua. "Hilo silijui, mheshimiwa. Ndiyo maana tumemwita mwenyewe."

Mama Kasoro aliingia amevaa gauni la kanisani. Karani alimwonyesha kiapo. Mama Kasoro akakiweka pembeni.

"Kabla sijasema neno, huyu mwanamke ameshakiri kwamba alikifua?"

"Mama," alisema jaji, "hapa maswali tunauliza sisi."

"Ninyi ulizeni. Mimi nataka kujua kama amekiri."

"Amekiri," alisema jaji, na mdomo wake ulicheza kidogo.

Hapo akala kiapo. Akaeleza siku, saa za mchana, maneno aliyosema, kitambaa kilivyokuwa na kilivyorudi, na wageni walioketi mezani kwake siku ile wakala juu ya meza tupu. Aliwataja wote. Mmoja wa wageni hao, ikatokea, alikuwa shemeji wa mwendesha mashtaka. Ugomvi wa asubuhi ile aliueleza neno kwa neno, hata matusi aliyoyatoa yeye. Ilikuwa dhahiri kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akiurudia kichwani, na kwamba hakuna askari wala wakili ambaye angeweza kumfundisha.

Mwendesha mashtaka alisimama kwa adabu. Alimwita Mama Kasoro bibi mtukufu. Alisema anaelewa kwamba mtu akihudumiwa na mtu miaka mingi huingiwa na huruma, na kwamba huruma ni jambo jema.

"Huruma ipi?"

"Kwa dobi wako. Bila shaka unampenda."

"Simpendi hata kidogo. Ana kiburi, na kola zangu anazikaza mno."

"Sasa umekuja kwa nini?"

Mama Kasoro alimtazama kama anayetazama shuka lililokunjwa vibaya.

"Kwa sababu kitambaa ni changu," alisema.

*

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata, na ilikuwa fupi. Jaji alisema shati ndilo lililokuwa kesi yote. Ukiliondoa shati, ushahidi unaobaki ni kwamba aliyeonekana alikuwa mweusi, na hilo peke yake si kosa kwa sheria yoyote anayoijua. Mshtakiwa hana hatia, aachiwe.

Mama mkwe alitaka kupiga vigelegele, akazuiwa na askari, akavimeza, akaja kuvitoa ngazini. Mtoto wa marehemu, mwanamume wa makamo sasa, aliyekuwa akiketi benchi la mbele tangu kesi ya kwanza, alipita karibu nao bila kusema. Aliyemuua baba yake hakujulikana, na polisi walikuwa wameacha kumtafuta tangu siku walipolipata shati. Mama Pasi alimfuata kwa macho mpaka akapotea langoni.

Kwenye korido, karibu na mlango wa mahakama ndogo, alisimama wakili wa kwanza. Alikuwa amenenepa. Kwapani alibana jalada, na kando yake, kwenye benchi, alikaa mama mmoja mweusi aliyeshika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

"Naona furaha," alisema wakili yule kwa ukarimu. "Hongereni. Nyie mlikuwa kesi gani vile?"

Fundi alimtajia. Yule alikunja uso akikumbuka, akatikisa kichwa kwamba hapana, zimekuwa nyingi, akaitwa ndani. Yule mama akabaki peke yake benchini. Mama Pasi aliketi karibu naye.

"Ni mwanao?"

"Wa kwanza. Wanasema ameua. Wakili ameniambia nisiongee ongee."

"Usimsikilize. Huyu hapa," alisema, akimvuta Wakili wao mkononi mpaka mkoba ukamgonga mtu, "mwambie huyu. Mwambie yote. Hata uliposema uongo, mwambie."

Wakili alitazama saa yake, akaangalia benchi, akaketi. Jamaa wakaenda nyumbani bila yeye.

*

Muda wa serikali kukata rufaa ulipopita, Wakili alikuja tena kwa Mama Pasi. Safari hii alitoa kwenye mkoba bahasha ya kaki.

"Vielelezo vimerudishwa. Shati lenu hili hapa. Kitambaa mwenyewe alipelekewa jana."

"Hawamnyongi?" aliuliza mama mkwe, akijua jibu, kwa raha ya kuuliza.

"Hawamnyongi."

"Si kwa sasa?"

"Si kwa sasa wala baadaye, Mama. Imekwisha."

"Hapo sasa umesema Kiswahili," alisema bibi, akaenda kumtilia chai.

Fundi alikuwa uani akibadilisha bomba la karo la kufulia, kazi ambayo mkewe alikuwa amemhifadhia kwa miaka, maana kila fundi mwingine alimwona hajui. Aliitwa, akaja na mikono ya tope, akalitoa shati kwenye bahasha kwa ncha za vidole. Lilikuwa limekunjamana, limeota ukungu kidogo kwenye kwapa, na kifuani lina wekundu ule ule uliofifia, saizi ya sahani. Alilishikilia mbele ya mwanga.

"Jamani. Nilidhani doa ni kubwa."

"Lete," alisema Mama Pasi, tayari na beseni.

Lakini hakulipokea. Alisimama na beseni mikononi, akilitazama. Basi fundi akalitia shati majini mwenyewe. Kisha akafungua kabati la wateja, akatafuta kidogo, akachomoa mfuko wa Mama Kasoro ulioletwa asubuhi, ukiwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: KUPIGA PASI TU.

"Na hiki."

"Wee! Amekataza!"

"Kimekaa na polisi. Kimeshikwa na mkemia. Utapiga pasi juu ya hayo?"

Mama Pasi alikitazama kile kitambaa. Ilikuwa kweli. Pembeni, mbali na mabaka, palikuwa na doa jipya, la wino wa mahakama. Alikitumbukiza. Wakasimama wote watatu juu ya beseni, na Wakili akanyanyuka na kikombe chake aone, na wakangoja. Hakuna kilichotokea. Kitambaa kilikuwa kimeshachuja kila kilichokuwa nacho. Maji yalibaki meupe.

Kesho yake Mama Kasoro alifika kabla ya mlango kufunguliwa vizuri. Alikikunjua kitambaa juu ya kaunta, akakigeuza, akakinusa, akavaa miwani, akakinusa tena.

"Nilisema kupiga pasi tu."

Pasi ilikuwa kwenye kola. Uani bomba jipya lilikuwa linatiririka, na fundi anapiga mluzi juu yake.

"Nimekifua," alisema Mama Pasi, na akaendelea na kola.